Sahani ya Bibi na Dirisha la Jirani

Ilianza Ijumaa, siku ya nane tangu tuhamie, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Dakika naikumbuka kwa sababu nilikuwa natazama saa ya jikoni huku nikingoja vitumbua vipoe. Bibi alikuwa keshasimama mlangoni, ushungi kichwani, sahani mkononi. Akatazama kulia: mchanga. Mbele: barabara mpya, tuta la kupunguza mwendo, halafu mchanga. Kushoto: nyumba iliyokuwa kuta tupu, haina mlango wala paa, na mafundi wawili wamelala kivulini.

"Sasa hii naipeleka wapi?" akauliza.

Baba akajifanya anatafuta chaja ya simu.

Ili mtu aelewe uzito wa swali lile, inabidi nieleze sahani. Ni ya bati, nyeupe, ina ua la waridi katikati na pembeni imebanduka rangi mahali pawili. Bibi alikuja nayo nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja, na kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri huitia kitu na kuipeleka kwa jirani. Sheria zake ni mbili. Ya kwanza, sahani hairudi tupu. Ya pili, mtu hahami nyumba sahani yake ikiwa nje. Hii ya pili nilidhani ni maneno tu mpaka siku tuliyotoka Darsait, mtaa wetu wa zamani. Sahani ilikuwa ghorofa ya tatu kwa mama mmoja wa Kihindi aliyepelekwa hospitali kujifungua, mlango wake umefungwa. Lori lilikuja likaondoka tupu. Tulilala siku mbili juu ya magodoro yaliyokwisha fungwa kamba, mpaka mume wake akarudi na sahani ikashuka na mikate ya dengu. Ndipo Bibi akakubali kuvaa viatu.

Kule Darsait tulikaa juu ya duka la mshonaji, na Bibi hakuwahi kukosa pa kupeleka. Huku Baba alikuwa amepewa kiwanja na serikali, kwenye kitalu kipya upande wa bara wa Hail. Alikisubiri miaka mingi na alijenga kwa furaha kiasi kwamba hakuona kuwa amejenga peke yake. Mtaa ulikuwa na kila kitu isipokuwa watu. Taa za barabarani ziliwaka zote, zikamulika mchanga. Kulikuwa na mzunguko wa magari wenye dele kubwa la kahawa la saruji katikati, na gari la Baba ndilo lililouzunguka. Alikuwapo kinyozi mmoja, amefungua duka mapema ili asitanguliwe, akawa anamnyoa Baba kila wiki hata kama hapana cha kunyoa. Baba aliona vibaya kumpita.

Na kulikuwa na kundi la mtaa kwenye simu. Lilikuwa na watu arubaini na tatu, wote wenye viwanja, na waliishi sehemu nyingine kabisa. Waligombana sana. Waligombania maegesho ambayo hayajatiwa lami. Kuna mmoja aliandika akilalamika kwamba watoto wa mtaa huu wanapiga kelele wakati wa kupumzika. Mtoto wa mtaa nilikuwa mimi. Nina miaka kumi na sita, na mwalimu wangu wa Kiingereza alimwambia Mama kwenye mkutano wa wazazi kwamba sauti yangu hajapata kuisikia.

Basi, Ijumaa ile Bibi alikaa kitako na vitumbua vyake mapajani, akatangaza. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi. "Nnakaa hapa kama nani? Kama mlinzi? Mpaka uandame mwezi mwengine, ikiwa sina pa kupeleka sahani, mnirudishe Darsait kwa ndugu yako." Alikuwa akimwambia Baba, kwa sababu ami yangu bado anakaa kule kwenye jengo letu la zamani.

Mimi nalala chumba kimoja na Bibi. Nasema ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: Bibi ndiye mtu pekee ninayeweza kuzungumza naye bila kufanya mazoezi kwanza kichwani. Wengine wote nawapangia sentensi, na nikimaliza kuipanga wao wamekwisha ondoka. Kwa hiyo nikainuka, nikachukua sahani mapajani mwake na kusema, "Ntapeleka pale." Nikaonyesha nyumba isiyo na mlango.

"Pale hapana mtu."

"Wapo mafundi."

Bibi akafikiri. "Fundi naye ni jirani," akasema, "maadamu anaamka hapo."

Hawakuamka hapo, waliletwa na basi kila asubuhi kutoka Sib, lakini sikusema.

Msimamizi wao alikuwa Mpakistani mrefu mwenye ndevu za hina. Alipokea sahani kwa mikono miwili, wakala wote, na kabla ya jua kuzama akaileta mlangoni kwetu mwenyewe, imeoshwa, inang'aa. Tupu. Bibi akaitazama sahani, akamtazama yeye, akamrudishia. Msimamizi akaitoa tena. Bibi akairudisha. Walipelekeana hivyo mara tatu, kila mmoja akitabasamu zaidi. Mwisho Bibi akaokota kijiwe pale kizingitini, akakitia ndani ya sahani, akasema kwa Kiarabu chake cha Darsait, "Hivi. Lazima iwe na kitu." Msimamizi akashika kifua na kuinamisha kichwa. Alifahamu. Sote tulidhani alifahamu.

Ijumaa iliyofuata alipelekewa katlesi. Sahani ikarudi na vigae vinne vya ukutani, kila kimoja na rangi yake: kijani, waridi, buluu na kingine chenye picha ya zabibu. Vilikuwa vimepangwa vizuri kama keki. Bibi hajapata kuletewa vigae maishani mwake, lakini kilicholetwa kwenye sahani hakisemwi vibaya, hiyo haihitaji hata kuwa sheria. Akakishika kimoja kimoja juani. Kwa kila kimoja akasema kwa Kiarabu kuwa ni kizuri, "Zein. Zein sana." Msimamizi akatoa kalamu sikioni na kuandika kwenye kipande cha boksi.

Wiki nyingine zikaja vitasa vya mlango. Zein. Halafu mifereji mitatu ya kufungulia maji, mmoja una shingo ya bata. Bibi aliushangilia ule wa bata kuliko yote, akaubusu. Halafu vipande vya mbao, halafu kipande cha waya wa dirisha. Vyote alivipanga kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vyake vya harusi. Jioni alikuwa akizungumza na ami kwa simu, namsikia akimwambia kuwa huku watu ni wakarimu sana, kasoro yao ni kwamba hawapiki.

Suala la kurudi Darsait likafa. Mwezi uliandama, ukaandama mwengine, na Bibi hakutaja kitu. Akaanza kwenda mwenyewe, na fimbo yake, kuwajulia hali. Mimi nilimfuata nyuma nimebeba sahani. Walimpa kiti cha plastiki katikati ya sebule isiyo na sakafu. Alikunywa chai yao ya maziwa na kutoa maoni, kwa sababu Bibi akiwa na kiti na chai huwa na maoni. Siku moja alisimama pale patakapokuwa jiko na kuuliza dirisha liko wapi. Wakamwonyesha: lilikuwa nyuma, linatazama ukuta wa kiwanja.

"Mwanamke apike anatazama ukuta?" Akapiga fimbo upande wa pili, unaotazama jiko letu. "Hapa. Apate kuomba ndimu."

Nilicheka. Siku mbili baadaye nilirudi kutoka skuli nikakuta lile la nyuma limezibwa matofali na ukuta wa upande wetu una tundu, mraba kabisa, na msimamizi amesimama ndani yake akinipungia mkono.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Na hapa ndipo pana sehemu yangu, ambayo sijamwambia mtu. Wiki hiyo hiyo nilipeleka sahani peke yangu. Msimamizi akaniuliza, kwa Kiarabu kile cha kazini ambacho hakina vitenzi vingi, kama baba yangu kule Salala ameridhika. Nikamwambia baba yangu yupo ofisini. Nilisema polepole mno, sidhani kama ilitoka. Akaendelea kueleza, furaha imemjaa. Mwenye nyumba anafanya kazi Salala, hana nafasi ya kuja. Alimwambia kwa simu kwamba atakuja mtu wa nyumbani kuchagua vigae na vitasa na kukagua. Walingoja wiki tatu, hakuja mtu. Ndipo akaja mama mkubwa, yaani Bibi, na chakula. Mama mzuri. Wenye nyumba wengine hugomba kila kitu, yeye kila anacholetewa anakipenda.

Nilisimama pale na kachori zikipoa. Niliiona picha nzima kwa mara moja: vile vigae havikuwa zawadi. Vilikuwa sampuli. Na Bibi kwa adabu yake alikuwa amevichagua vyote.

Sentensi niliyohitaji ilikuwa fupi. Huyu si mama wa mwenye nyumba. Nikaipanga kwa Kiarabu, nikaipanga upya. Wakati naipanga nikafikiria na yatakayofuata: Bibi angeona haya, asingerudi tena pale, na Ijumaa ijayo angesimama mlangoni na kuuliza naipeleka wapi. Msimamizi akanitazama akingoja. Nikasema, "Ameridhika."

Ndivyo nyumba ya watu ilivyojengwa. Kila kigae alichosifu Bibi kilipata chumba chake. Choo cha wageni kikawa waridi, bafu buluu, jiko zabibu kuanzia sakafuni mpaka darini, na bata akawekwa kwenye sinki la kunawia pembeni ya sebule. Vitasa havikufanana viwili. Na sifa zikaenea. Mtaa ulikuwa unakua sasa, kila wiki msingi mpya unachimbwa, na wasimamizi huzungumza wao kwa wao. Asubuhi moja likasimama gari la kazi mbele yetu na mtu tusiyemjua, kutoka kiwanja cha mtaa wa tatu, akateremka na sahani mpya ya plastiki ambayo bado ina karatasi ya dukani. Ndani yake mlikuwa na aina mbili za mabomba ya maji machafu. Alitaka kujua mama mkubwa anapenda ipi. Bibi akapenda zote mbili, akamtilia mkate wa kumimina kwenye sahani yake.

Kwenye kundi la simu watu waliandika kwamba mafundi wa kitalu chetu siku hizi wanafanya kazi kwa moyo, na hawajui kwa nini.

Ilichukua miezi mitano. Mwenye nyumba alikuja Ijumaa, alasiri, tena saa ile ile ya sahani. Tulisikia sauti yake kabla hatujaona gari. Alikuwa anazunguka vyumba akifungua milango, na kila mlango ulipofunguka sauti ilipanda kidogo. Baba akatoka kwenda kumsalimu, nami nikatoka nyuma ya Bibi, kwa sababu alikwisha beba mkate wa ufuta na hangezuilika.

Alikuwa mtu mfupi, kanzu imekunjamana kwa safari, kilemba kimeelekea upande mmoja. Mke wake alisimama karibu na sinki, anamtazama bata. Mwenye nyumba alikuwa akimuuliza msimamizi kwa Kiarabu, neno kwa neno, nani alisema zabibu.

"Mama yako," msimamizi akajibu.

"Mama yangu alikwisha fariki. Mungu amrehemu. Miaka saba."

Msimamizi akageuka taratibu, na wote wakageuka naye. Bibi alikuwa ndiyo kwanza anavuka kizingiti na sahani.

Sitaandika yote yaliyosemwa. Baba aliomba radhi kwa Kiarabu kizuri kuliko anachotumia nyumbani. Mwenye nyumba alihesabu kwa vidole: choo, bafu, jiko, vitasa, dirisha. Alipofika kwenye dirisha alianza upya. Msimamizi alishika ndevu, anamtazama Bibi kama mtu aliyeambiwa kuwa mwezi ni taa. Na Bibi, aliyekuwa bado hajaelewa, akaniinamia na kuninong'oneza kwa Kiswahili, si kwa kunong'ona sana, "Huyu bwana hakunywa uji leo."

"Hakunywa kweli, bibi," akasema yule mke kwa Kiswahili. "Tuko njiani tangu alfajiri."

Ilikuwa lafudhi ya bara, nzito na ya taratibu. Baadaye tulijua kwao ni Tabora. Mume wake naye akatuangalia, akahamia Kiswahili bila kupunguza hasira. "Mama, kwa hiyo ni wewe? Wewe ndiye umenitoboa ukuta?"

Hapo Bibi akafahamu. Nilimwona akifahamu. Akatazama vigae, kimoja kimoja, vile vile alivyovitazama juani, akatazama sahani yake, akaiteremsha chini ya mtandio kana kwamba ameshikwa nayo.

"Mie nilidhani mnanipa," akasema.

Yule mke akamgusa mumewe mkono. "Ungemwacha bibi wa watu akae kitako kwanza," akasema. Lakini mumewe alikuwa amesafiri kwa saa kumi na kukuta bata. Alisema vigae atavumilia, ila dirisha hapana, yeye hajengi nyumba ili atazamwe ndani ya sufuria yake. Kesho asubuhi anakuja na saruji, linazibwa.

Tulirudi nyumbani na mkate wetu. Bibi hakuula. Alifungua kabati la vioo, akatoa vigae na vitasa na mifereji, akavitia kwenye mfuko, akaandika juu yake kwa kalamu yangu: VYA WATU. Halafu akachukua begi lake dogo la kijani juu ya kabati letu na kuanza kukunja kanga. Mama alimsihi. Baba alisema mambo haya hutokea, jambo ambalo si kweli, mambo haya hayatokei. Bibi alisema hana hasira na mtu.

"Na Kiswahili wanajua," aliniambia baada ya wengine kutoka. "Wamenifahamu kila neno. Kesho nitapita vipi pale?" Akanipa kanga moja nimkunjie ncha. "Mwambie baba yako saa tatu asubuhi. Nisije nikakutana nao."

Nikataka kumwambia kwamba nilijua. Kwamba nilijua kwa miezi mitatu. Nikaipanga sentensi, kwa Kiswahili safari hii, kwa lugha yangu mwenyewe, na haikutoka. Nikakunja kanga. Yeye akasema, "Usinune, mke mwenzangu. Ntakuachia kitanda chote," ambayo ndiyo mizaha yake ya siku zote, kuniita mke mwenza kwa marehemu babu, na siku zote mimi humjibu kwamba babu alinipenda mimi zaidi. Safari hii nilichukua kanga nyingine nikaikunja.

Asubuhi, saa mbili na robo, begi lilikuwa mlangoni na Baba anaosha kioo cha gari polepole, kama mtu anayetaka kioo kisiishe. Sahani ilikuwa juu ya begi la Bibi, imefungwa kwenye taulo, nikaifungua. Nikaenda nayo jikoni, nikatia ule mkate wa ufuta. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, bila viatu, nikavuka mchanga hadi chini ya dirisha.

Saruji ilikwisha korogwa. Matofali yalikuwa yamepangwa pembeni na msimamizi anangoja, uso umemshuka. Yule mke alikuwa ndani jikoni, peke yake kati ya zabibu, anafuta vumbi sehemu ya kupikia. Mumewe nilimsikia chumba kingine akibishana na kitasa.

Sikupanga kitu. Nadhani ndiyo sababu ilitoka.

"Shikamoo," nikasema. "Bibi anakusalimia. Si kweli, hajui nimekuja. Mimi ndiye niliyejua, yeye hakujua. Msimamizi aliniuliza nikamwambia ndiyo. Chukua sahani hii, tafadhali, na naomba usiirudishe."

Akaipokea kwa mikono miwili kupitia dirishani. Akanitazama mpaka nikatamani mchanga unimeze. "Nisiirudishe?"

"Hahami ikiwa nje."

Hakuuliza maana yake. Akaishika sahani akiitazama pale ilipobanduka rangi, akaweka mkate juu ya boksi la vigae, akageukia ndani.

"Baba wee," akamwita mumewe. "Maji yanaungwa lini?"

Sauti ikajibu kutoka bafu la buluu kwamba wiki mbili, wakiharakisha.

"Basi nina sahani ya watu hapa na siwezi kuiosha," akasema. "Na mwambie fundi asizibe. Nikishaiosha nitaipitishia wapi?"

Sikungoja jibu. Nilirudi mbio, miguu imejaa mchanga na saruji, nikamkuta Bibi amekaa juu ya begi, ushungi kichwani, taulo tupu mkononi.

"Sahani yangu iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia.